Watu Wanne kwa Kila Mkono

Katika filamu ya Spider-Man 2 kuna mkono wa chuma unaomvua mtu miwani. Ni jambo dogo, la kupita, na wengi waliojaa kumbi za sinema mwaka 2004 walikuwa wamefuata ngumi na kuta zinazoporomoka. Mimi filamu hii nimeipenda miaka yote kwa ajili ya mkono huo. Unatokea nyuma ya bega la Dokta Otto Octavius, unajikunja, unafika usoni pake, kisha unaishika fremu ya miwani kwa upole wa mtu anayemgusa mwenzake karibu na jicho. Ndio mkono ule ule unaoweza kung'oa mlango wa chumba cha fedha benki, na hapo umejizuia. Kuonyesha nguvu kwenye sinema si kazi ngumu tena. Kazi ngumu ni kuonyesha nguvu inayojizuia, na hapa imeonyeshwa na kitu kisicho na uso.

Siri ni kwamba mkono ule ulikuwa na mtu. Ulikuwa na watu, tena zaidi ya mmoja.

Kwa wasioijua hadithi, nitaipitia haraka. Peter Parker ni kijana wa New York ambaye katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2002, aling'atwa na buibui akapata nguvu zisizo za kawaida. Katika sehemu hii ya pili maisha yamembana: kodi ya chumba hana, kazi ya kupeleka piza inamshinda, masomo yanayumba, na hata utando wake unaanza kugoma kutoka mikononi. Upande wa pili yuko Octavius, mwanasayansi mwungwana anayempenda mkewe na anayetaka kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomi, kama inavyotokea ndani ya jua. Kwa kuwa hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kufanya kazi kwenye joto hilo, amejiundia mikono minne ya chuma yenye akili yake yenyewe, iliyounganishwa na uti wa mgongo. Kidude kidogo nyuma ya shingo ndicho kinachohakikisha kwamba bwana ni yeye. Siku ya maonyesho mtambo unaharibika, mkewe anakufa, kidude kinaungua. Tangu hapo mikono ndiyo inayomshauri.

Stan Lee na Steve Ditko ndio waliomleta Dokta Octopus kwenye vitabu vya katuni, mwaka 1963. Ditko alikuwa mchoraji aliyesifika kwa mikono: vidole vya watu wake husema mambo ambayo nyuso zao zimeyaficha. Ila kwenye karatasi mkono wa chuma hauna uzito. Mchoraji anaupeleka anakotaka. Mwongozaji Sam Raimi alitakiwa kuufunga mkono huo kwenye mwili wa mtu halisi, Alfred Molina, mwigizaji mnene kidogo mwenye macho ya huruma, na kuufanya usadikike kwa dakika 127.

Mikono ilitengenezwa na kampuni iitwayo Edge FX. Molina alivalishwa mkanda mpana wa chuma na mpira uliomkaza kiunoni, akawekewa uti wa mgongo wa mpira, na humo ikachomozwa mikono minne ya mpira wa povu, kila mmoja ukikaribia mita 2.4. Mzigo wote ulikuwa na kilo zipatazo 45. Kila mkono ulikuwa na watu wanne wa kuuchezesha. Kucha za nchani, zile zinazofunguka na kufumba, mafundi waliziita maua ya mauti, na kila ua lilikuwa na mtu wake aliyeketi kwenye kiti, kazi yake ikiwa hiyo tu: kufungua, kufumba, kushika, kuachia. Mkono mmoja unaponyanyuka kwenye picha, nje ya ukingo wa picha watu wanne wanapumua kwa pamoja. Minne ikinyanyuka, ni watu 16 wanaomzunguka mtu ambaye sisi tunamwona amesimama peke yake.

Kila tukio walilifanyia mazoezi pamoja na Molina kabla ya kamera kuwashwa, na mazoezi hayo ndiyo yaliyouzaa upole niliousema. Lengo halikuwa mkono usogee vizuri tu. Lengo lilikuwa mkono uonekane unasogezwa na misuli ya Octavius mwenyewe. Bega linashtuka kidogo, mkono unaondoka. Anageuza shingo kabla hajasema, na mkono wa upande huo tayari umeinua kichwa. Mchezeshaji asiyesoma pumzi ya mwigizaji atachelewa, na akichelewa hata kidogo mtazamaji ataona mpira. Molina naye alilazimika kujifunza kuwa na viungo vingine vinne asivyovihisi. Aliipa mikono majina: Larry, Harry, Moe na Flo. Flo ni ule wa juu, upande wa kulia, ambao miongoni mwa wachezeshaji wake alikuwamo fundi mwanamke, na kazi zote zilizohitaji ulaini, kama kuvua miwani au kuondoa kofia, alipewa Flo.

Ufundi huu ni wa kale kuliko sinema. Huko Japani, katika mchezo wa vikaragosi uitwao bunraku, kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu: mmoja anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Watazamaji wanawaona kabisa, na baada ya muda hawawaoni tena. Huku Afrika, Adrian Kohler na Basil Jones wa Handspring, kikundi cha Cape Town, walitengeneza farasi wa mchezo wa War Horse uliofunguliwa London mwaka 2007, kila farasi mkubwa akiwa na watu watatu. Wao husisitiza jambo moja kuliko yote, pumzi. Farasi aliyesimama tuli jukwaani hana budi kupumua, la sivyo ni mianzi na kitambaa. Itazame mikono ya Octavius wakati hakuna kinachotendeka, pale anapowaza kwenye gati bovu kando ya mto. Haikai kimya. Inayumba kidogo, inanyanyuka, inasikiliza. Anabishana nayo kwa sauti, nayo inamgeukia, na ingawa haina jicho wala mdomo kama wetu unaelewa kabisa kwamba imemjibu, na kwamba jibu lake ni baya.

Aliyekulia pwani hashangai sana kusikia habari ya mikono yenye akili yake. Anayejua kumtoa pweza mwambani maji yanapokupwa anajua namna minyiri inavyomng'ang'ania mtu mkononi, kila mmoja kwa hesabu zake, na namna inavyoendelea kujinyonganyonga hata pweza akishakufa. Wataalamu wanasema pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na theluthi mbili hivi ya hizo zimo kwenye minyiri, si kichwani. Mnyiri unaweza kupapasa, kuonja na kushika bila kusubiri amri ya juu. Sijui kama waandishi wa filamu walikaa wakamsoma pweza, ila wachezeshaji walilipata jambo lenyewe: kila mkono una tabia yake, na hakuna miwili inayofika mahali kwa wakati mmoja. Mikono minne ingesogea sawasawa tungeona mashine moja. Kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na timu yake, na kila timu ilikuwa na mwendo wake, tunaona viumbe wanne waliomkalia mtu mgongoni.

Isidhaniwe kwamba naidharau kompyuta. Filamu hii ilipata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha mwaka 2005, ikapokewa na John Dykstra, Scott Stokdyk, Anthony LaMolinara na John Frazier, na waliistahili. Dykstra ndiye aliyeongoza kazi hiyo kwenye Star Wars ya mwaka 1977, akapata Oscar yake ya kwanza. Ninachokiheshimu ni kanuni waliyojiwekea. Octavius akiwa ndiye anayeibeba mikono, vilitumika vikaragosi. Mikono ikiwa ndiyo inayombeba yeye, kumpandisha ukutani au kumtembeza juu ya barabara, ilitumika kompyuta, na Molina alining'inizwa kwenye mtambo wenye urefu wa mita 6 hivi uliomsogeza huku na huku, mikono ikaongezwa baadaye. Tena mikono hiyo ya kompyuta ilinakiliwa kutoka kwenye ile ya mpira. Na kila tukio walianza kulipiga kwa vikaragosi kwanza, waone kama kompyuta inahitajika kweli. Sababu mojawapo ilikuwa fedha, maana mpira ni nafuu. Lakini matokeo yake ni kwamba kompyuta iliingia kazini ikiwa mwanafunzi: ilikuta mwendo umeshabuniwa na watu, ikaufuata. Ndiyo maana mtazamaji akitoka kwenye picha ya mpira na kuingia kwenye picha ya kompyuta hajikwai.

Kuna kitu kingine ambacho ukumbi wenye spika nzuri hukupa na simu haiwezi kukupa, nacho ni sauti. Njia ya mkato ingekuwa kuipa mikono sauti ya mota, ule mlio wa roboti tulioshauzoea. Mafundi wa sauti waliikataa, kwa hoja kwamba mlio wa mota ungemwambia msikilizaji kuwa mikono ni chombo kilichowashwa, wakati walitaka aamini kuwa ni sehemu ya mwili. Wakatumia minyororo ya pikipiki na nyaya za piano. Ukiisikiliza sasa utaitambua: kuna msuguano wa chuma, na chini yake kuna mvumo uliokazwa, wa kitu kilichovutwa na ambacho hakijaachiwa. Mkono unatisha kabla haujaonekana.

Haya yote yanakutana katika tukio la hospitali, ambalo kwangu ni miongoni mwa matukio yaliyopigwa kwa umahiri mkubwa kabisa katika filamu zote za aina hii. Octavius amelazwa kifudifudi, hana fahamu. Madaktari wamejiandaa kuikata mikono kwa msumeno. Wanazungumza kikazi, mmoja anatania. Mikono imetandazwa, imekufa. Kisha inaamka, na kinachofuata hakina muziki hata kidogo. Danny Elfman, mtunzi ambaye muziki wake umeijaza filamu nzima, hapo amenyamazishwa. Zimebaki kelele za watu, vyuma, vioo. Raimi haonyeshi damu. Anaonyesha vivuli ukutani. Anaonyesha uso unaopiga ukelele na kamera inaurukia. Anaonyesha muuguzi akiburutwa sakafuni huku kucha zake zikiacha michirizi. Anaonyesha mkono wa mtu ukiufikia msumeno. Kisha kimya, na mtu aliyelala anainuka katikati ya maiti, hajui kilichotokea, anaangalia, anaelewa, analia kwa sauti kubwa.

Huwezi kulielewa tukio hilo bila kujua alikotoka Raimi. Mwaka 1981 yeye na rafiki zake walitoa The Evil Dead, filamu ya kutisha waliyoipiga kwa fedha za kuungaunga katika nyumba ya msituni huko Tennessee. Katika Evil Dead II ya mwaka 1987 mkono wa stelingi unamgeukia mwenyewe. Unampiga, unamvunjia sahani kichwani, hadi anaukata kwa msumeno wa mashine, nao unaendelea kukimbia peke yake. Mwigizaji wake alikuwa Bruce Campbell, na sehemu kubwa ya kichekesho na kitisho hicho aliifanya kwa mkono wake mwenyewe, akiuacha uwe mtu mwingine. Campbell huyo huyo yumo katika Spider-Man 2: ni yule bawabu wa ukumbi wa maigizo anayemzuia Peter mlangoni. Bill Pope, mpiga picha, na Bob Murawski, mhariri, nao walishafanya kazi na Raimi katika Army of Darkness, sehemu ya tatu ya hadithi hiyo. Kwa hiyo studio ilipompa mamilioni ya dola kutengeneza adui mwenye mikono inayoasi, ilimkabidhi mtu aliyekuwa na miaka 17 ya kuwaza jambo hilo hilo, pamoja na watu wake. Msumeno ule wa hospitali ni salamu kwa ujana wao. Naona raha kila ninapouona.

Tena ni tukio lisilohitaji mkalimani. Vibanda vyetu vya video vina wasimuliaji hodari, wanaoweza kuigeuza filamu yoyote kuwa ya Manzese au ya Kayole, na nawapenda kwa hilo. Hapa nao wangenyamaza. Hakuna cha kutafsiri.

Tukio la treni ndilo linalotajwa na kila mtu, kwa hiyo sitalikalia sana. Hadithi inasema ni New York, ila reli ile ya juu ni ya Chicago. Peter anasimamisha treni kwa kuurusha utando kwenye majengo ya pande zote mbili na kuushikilia hadi vazi linamchanikia mwilini. Wengi husifu nguvu hapo. Mimi nasifu kinachofuata. Anapozirai na kutaka kuangukia mbele, mikono ya abiria inatoka kwenye dirisha lililovunjika na kumdaka kifuani, kisha wanampitisha ndani juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, uso wake ukiwa wazi. Raimi amekwishatutisha kwa mikono minne ya chuma kwa zaidi ya saa nzima, sasa anatuwekea mikono mitupu ya watu wa kazini, na hasemi neno. Kama umekaa ukumbini na watu, utawasikia wakivuta pumzi.

Na kuna mkono mwingine, ambao haukuhitaji fundi yeyote wa mpira. Mswada uliandikwa na Alvin Sargent, mzaliwa wa mwaka 1927, mshindi wa Oscar mbili kwa Julia na Ordinary People, filamu za watu wanaoumizana sebuleni. Kumpa mzee huyo hadithi ya kijana wa buibui ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Peter anaketi mezani na shangazi yake, May, anayeigizwa na Rosemary Harris, na kukiri kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo cha mjomba Ben: alimwacha mwizi apite, mwizi akaenda akamuua. May amemshika mkono. Anamsikiliza hadi mwisho, kisha anautoa mkono wake taratibu, anasimama, anapanda ngazi. Peter anabaki na kiganja chake mezani. Filamu ya zama hizi, yenye stelingi wa aina hii, ingemharakisha mama huyo aseme neno la kusamehe. Sargent na Raimi wamemwacha aondoke, na msamaha wake unakuja baadaye sana, siku yake ilipofika. Kamera imeupa mkono wa bibi huyu muda ule ule ilioupa mkono wa Flo.

Mwaka 2021 Molina alirudi kuwa Octavius katika Spider-Man: No Way Home, na safari hii mikono yote ilikuwa ya kompyuta. Imetengenezwa kwa ustadi, inang'aa, inapinda upesi kuliko ile ya zamani. Hata uso wa Molina ulirudishwa ujana. Nilifurahi kumwona tena ukumbini, na watu walipiga makofi alipotokea, nami nilipiga. Lakini macho yake yanapokwenda upande kuutazama mkono, hakuna aliyekuwa pale kuyapokea, na hilo linaonekana. Mikono inafanya kila inachoambiwa. Ile ya 2004 ilikuwa ikimsikiliza.

Ushahidi wake mzuri ni kipande kifupi kilichobaki kwenye DVD ya filamu. Molina alikuwa akijiandaa kuigiza Tevye, muuza maziwa wa Fiddler on the Roof, katika mchezo uliofunguliwa Broadway mwaka 2004. Katika kipande hicho amevaa koti lake la Octavius, yuko seti, na anaimba wimbo wa Tevye wa kujitakia utajiri. Mikono minne inacheza. Inayumba naye, inapokea vituo vyake, inainua maua yake ya mauti pale sauti inapopanda, kila mmoja kwa mtindo wake, na nje ya picha wale watu 16 bila shaka nao walikuwa wakiimba.